Kufuli za Mama Ploti

Mama Ploti hakuwahi kutoka nyumbani bila kugombana na mume wake, na mume wake alikuwa amekufa kabla mimi sijahamia Malaba.

Alikuwa anasimama ndani ya jikoni, kikapu kwa mkono, anapaza sauti mpaka madereva wa malori waliopanga foleni barabarani wasikie. "Sasa mimi naenda soko! Uji iko kwa moto! Na uache hiyo panga, umeinoa tangu asubuhi, unataka kuchinja nani?" Ananyamaza kidogo, kama mtu anayejibiwa. Halafu anasonya. "Haya, noa. Mikono ni yako." Hapo komeo la mlango wa jikoni linasikika likifungwa kwa ndani, kwa nguvu, kama limefungwa na mwanamume mwenye hasira. Baada ya muda Mama Ploti anatokea upande wa nyuma ya nyumba, anajikung'uta leso, anatembea kama mke aliyeshinda kesi.

Sisi wapangaji tulikuwa tunajikaza tusicheke. Musa wa chapati, Mganda aliyekuwa na jiko lake nje ya geti, hakuwa anajikaza. Siku moja alijibu kwa sauti nzito, "Nirudishie tumbaku!" Mama Ploti akaenda akasimama mbele ya kikaango chake, akamwita bwana kwa lugha ya kwao.

"Ssebo, huyo mzee hakuwa anavuta. Usimwongezee dhambi akiwa huko."

Jina la Mama Ploti mwenyewe sitaliandika. Nilimwomba ruhusa akakataa, akasema jina lake si chapati ya kupitisha kila mtu mkononi. Sawa. Lakini kuna wengine humu ambao sikuwaomba ruhusa, na hao nitawataja, kwa sababu mimi nimechoka na hii tabia yetu ya kusema "watu fulani", "vijana fulani", na hao watu fulani tunakutana nao sokoni wakinunua nyanya.

Nianze na wangu. Mimi ni muuza viatu vya mitumba. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo anayetafuta Kiswahili cha mitihani atafute kwingine. Nilikuwa nakaa Chakol, nyumba ya bati, mimi mwenyewe baada ya mume wangu kufa. Siku moja mchana nimetoka kisimani, nakuta watu ndani. Walikuwa wawili. Mmoja ni Ekisa, yule aliyekuwa anasagia watu mahindi pale kwa mashine ya posho. Wa pili ni Barasa Mrefu, binamu ya mume wangu. Barasa ndiye alinikata na panga, na mkono wangu wa kushoto haukunjiki vizuri mpaka leo. Huyu Barasa alikula Krismasi kwangu. Mlango wangu yeye ndiye aliutengeneza, kwa hiyo alijua msumari gani umelegea kwa sababu ni yeye aliugonga. Nilipowataja kwa mzee wa mtaa, aliniambia, "Mama, hao ni vijana wetu, tusiharibu maisha yao." Nikamuuliza, na haya yangu ni ya nani? Akaangalia saa.

Ndio nikahama. Watu waliniambia Malaba kuna ploti moja haijawahi kuingiliwa, mwenyewe ni mama mzee kidogo mwenye wazimu wa kufuli. Nikaenda. Mkono bado umefungwa bendeji. Kila mtu aliyeona ile bendeji alikuwa ananiambia pole. Mama Ploti hakusema pole. Aliuangalia mkono akaniuliza:

"Walipitia wapi?"

"Mlangoni."

"Wa mbele ama wa nyuma?"

"Nilikuwa na mlango mmoja, Mama."

"Ndio maana," akasema, akanipa chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma, kinaangalia banda la kuku. Hiyo ni muhimu, nitarudi.

Kutoka siku hiyo akawa ananiita Mama Viatu, na kitu cha kwanza alichonunua kwangu ni gambuti, zile buti za mpira za mvua. Nilimwambia saizi yake sina. Akasema hataki saizi yake, anataka ile kubwa kabisa. Nikamletea jozi moja ambayo hata mimi sijui ilivaliwa na binadamu gani huko ilikotoka. Akafurahi. Akaichovya kwenye matope, akaiweka kando ya mlango wa jikoni, kiatu kimoja kimesimama na kingine kimelala, kama mtu amezivua akiwa amechoka. Kila mvua ikinyesha alikuwa anaenda kuzichovya tena. Siku nyingine zote zikauke, yeye hajali, lakini mvua ikinyesha alisema mume mwenye gambuti kavu siku ya mvua ni mume mvivu, na mwizi hatamwogopa mvivu.

Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli tatu. Moja ndogo, moja ya kawaida, na moja kubwa kama kichwa cha mtoto. Kila Jumamosi alikuwa anatoa kiti nje, anakaa mbele ya huo mlango, anazipaka mafuta ya kupikia kwa unyoya wa kuku, watu wakipita wakiona. Cha kuchekesha ni kwamba ule mlango haukuwa unafunguliwa. Siku jeneza la mumewe lilipotoka kwenda Amagoro kuzikwa lilipitia hapo, na aliporudi kutoka mazishi aliufunga, akasukuma kabati nyuma yake, ikawa basi. Ufunguo wa ile kufuli kubwa hata hakujua uko wapi. Alikuwa anapaka mafuta kufuli ambayo hakuwa na nia ya kuifungua maisha yake yote.

"Mwizi hapendi kazi," alikuwa anatuambia. "Angependa kazi angekuwa mkulima. Sasa wewe mpe kazi."

Na kazi aliitoa. Ukuta ulikuwa na vigae vya chupa juu. Madirisha yalikuwa na grili ambayo fundi alichomelea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Mama Ploti alining'inia pale kwa mikono yake kuona kama itatoka. Nyuma ya mlango wa jikoni alipanga mifuniko ya sufuria, ukisukuma inaanguka yote na kelele kama bendi ya shule. Usiku mmoja paka aliiangusha, wapangaji wote tukatoka na mawe na michi, na katikati yetu Mama Ploti akiwa na nguo ya kulala, amefurahi kuliko siku ya harusi. "Mmeona? Mmeona inafanya kazi?"

Halafu kulikuwa na bata bukini wawili, Askari na Sajini. Hao hawakuwa na rafiki. Katekista alikuja siku moja kuulizia mchango wa kanisa, wakampandisha juu ya tangi la maji. Alipiga kelele kutoka huko juu mpaka Mama Ploti akatoka na mwiko.

"Katekista, unafanya nini huko?"

"Mama, ita hawa bata wako!"

"Si ungebisha geti kama watu wengine? Wao watajuaje wewe ni wa Mungu?"

Alimshusha, akampa chai, akampa na mchango. Nadhani Askari hakuridhika, kwa sababu alimsindikiza mpaka barabarani.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Mtu mwenye kufuli zote hizo ungesema ni mtu wa kuogopa watu. Hapana. Mchana ile nyumba ilikuwa kama stendi. Madereva wa malori walikuwa wanachaji simu jikoni kwake. Wamama wanaotoka upande wa Uganda na ndizi walikuwa wanaweka mizigo yao kwa sebule yake, wanajilaza hapo hapo kwa sakafu, wanalala usingizi. Mtu asiyemjua hata kidogo akisema ana kiu, anaingizwa, anapewa maji, na wakati anakunywa anatembezwa kuonyeshwa jinsi nyumba imekingwa. Nakuambia ukweli. "Hapa ni grili, ona, imechomelewa mara mbili. Hapa ni mifuniko. Hii mlango inafungwa kwa ndani, mzee wangu ndiye hufunga." Ungekuwa mwizi ungehitaji tu kalamu.

Nilimkemea. "Mama, unawaonyesha njia."

"Nawaonyesha ukuta, Mama Viatu. Njia sijawaonyesha."

Na kweli, njia hakuonyesha mtu. Ilikuwa ndani ya banda la kuku. Mwisho wa banda, nyuma ya viota, kulikuwa na kamlango kadogo ka bati kanakoingia stoo, na kutoka stoo uko ndani ya nyumba. Kalifungwa na waya. Huwezi kukafungua kama hujakainua kwanza kidogo kwa mguu, halafu uzungushe waya kwa nyuma. Huko ndiko alikuwa anatokea baada ya kufunga jikoni kwa ndani na kugombana na marehemu. Ndio maana alikuwa anajikung'uta leso. Sakafu ya banda alimwaga vumbi la mbao kutoka kwa seremala, lile jekundu la mninga, na lilikuwa linamshika nguo. Mimi nilijua kwa sababu dirisha langu liliangalia pale pale, na aliponiona nimeona, alikuja akanikalisha chini. "Hii inajulikana na watu watatu. Rozi wangu, Fredi wangu, na sasa wewe. Nikiibiwa nitajua mahali pa kuanzia." Alisema akicheka.

Rozi ni binti yake, ameolewa Nakuru, mtu mwenye nyumba nzuri na roho nzuri, lakini ana haraka. Fredi ni mtoto wa mwisho, mke wake alikuwa amerudi kwao, na kazi yake ilikuwa leo hii kesho ile. Fredi alikuwa mzuri wa maneno. Akikuja alikuwa anamwita mama yake "mrembo", na mrembo alikuwa anachinja kuku.

Ni Rozi aliyenifanya nielewe zile kufuli. Alikuja kumtembelea, nikawasikia wakibishana wakichambua mboga.

"Mama, wewe ni wa kuishi peke yako kweli? Hapa border? Njoo Nakuru. Kuna chumba kipo tu."

"Na nikikuja nitafanya nini?"

"Utapumzika!"

"Nitapumzika nikiwa mgeni. Nitaomba ruhusa kufungua dirisha. Mume wako akirudi kazini nitakaa vizuri kwa kiti. Hapana, mama. Hapa nikitaka kupiga kelele saa sita mchana napiga."

"Sawa," Rozi akasema. "Lakini nakuambia mbele ya Mama Viatu. Siku mwizi ataingia hii nyumba, mimi nakuja na pikapu. Sitauliza."

Mama Ploti akakubali, wakashikana mikono, mikono imejaa majani ya kunde.

Basi ndio nikajua. Huyu mama hakuwa anaogopa wezi. Televisheni yake ilikuwa inaonyesha mvua tu, kochi lake lilikuwa na shimo la kutosha kuku kutaga, na alitaga. Alikuwa anaogopa Nakuru. Kila kufuli, kila kigae cha chupa, kila bata, ilikuwa ya kumzuia Rozi asije na pikapu.

Kulikuwa na mwingine alitaka atoke, na huyo hakuwa na roho nzuri ya Rozi. Ni mtu mmoja aliyekuwa anatafuta mahali pa kufanya yadi ya malori. Ile ploti iko karibu na barabara, alikuwa anaitaka sana. Mama Ploti alimfukuza mara ya kwanza kwa maneno na mara ya pili kwa Sajini. Baadaye nilimwona huyo mtu akinywa soda na Fredi kwa kibanda. Niliona, nikapita. Mtu anakunywa soda na mtu.

Nisije nikamfanya Mama Ploti malaika. Alikuwa anavusha mafuta ya kupikia kutoka Uganda kupitia vichochoro, mtungi amefunga mgongoni na shuka kama mtoto, na akikutana na askari anaubembeleza: "Nyamaza, mama, tumekaribia." Hiyo hakuona ni wizi. Aliita kutembea. Mapera ya jirani yaliyoning'inia upande wetu alisema yamehamia. Na kanisani, wakati wa maombi, aliwaombea wezi waongoke, lakini alitaja: wezi wa Nairobi, wezi wa Kampala. Wa Malaba hakuwaombea. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hao ni wa kushughulikia yeye mwenyewe, Mungu ana kazi nyingi.

Kitu kimoja watu hawakumsamehe ni mazishi. Huku kwetu mtu akifa unaenda. Unaacha kazi, unaacha duka, unaenda, unakaa kwa hema mpaka kaburi lifukiwe, na kama hukuonekana watu wanaanza kujiuliza ulikuwa na nini na marehemu. Wezi wanajua hivyo pia. Wanasikiliza matangazo ya vifo kuliko wachungaji. Siku ya mazishi makubwa, mtaa mzima ni kufuli na mbwa, na wao wanachagua tu. Kwa hiyo Mama Ploti hakuwa anaenda. Matanga alikuwa wa kwanza kufika, anapika, anaosha sufuria, analia kwa sauti nzuri kabisa, lakini siku ya kuzika anarudi nyumbani asubuhi, anakaa na kiti chake mbele ya kufuli tatu. Wamama walikuwa wanamnong'ona. Mmoja alimwambia wazi: "Siku yako, wewe utazikwa na bata."

"Watakuja wote wawili," akajibu. "Wewe una uhakika na wangapi?"

Lakini dada yake alipokufa Funyula, hakukuwa na njia. Dada wa tumbo moja. Aliniomba niende naye nimshike mkono, na nikaenda. Siku hiyo ilikuwa ya soko, wapangaji wengine wote walikuwa kwenye biashara. Kabla tutoke aligombana na mume wake mara mbili, ya pili ikiwa na matusi, akafunga jikoni, akapitia kwa kuku, akanitokea machozi yamechanganyika na vumbi la mbao.

Rozi alikuwa ameshafika Funyula. Fredi hakuwepo. Alipiga simu, gari limeharibika njiani, Bumala. Akapiga tena, gari bado. Maombi yakaisha, kwaya ikaimba, kaburi likafukiwa, ndio Fredi akatokea akipita katikati ya watu, kichwa chini, akaenda moja kwa moja kumkumbatia mama yake. "Pole, mrembo. Pole."

Mimi kazi yangu ni viatu. Mtu akija naanza chini, uso naufikia baadaye. Fredi alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi, vizuri, vya mazishi. Na kwenye mshono, kuzunguka soli yote, kulikuwa na vumbi jekundu la mbao. Niliona. Nikafikiri labda huko Bumala gari liliharibika karibu na seremala. Nilifikiri hivyo kweli. Nilitaka kufikiri hivyo.

Tulirudi Malaba sisi wanne kwa gari la Rozi, jua likiwa bado. Askari na Sajini hawakuwa uwanjani. Walikuwa wamefungiwa bafuni, wanapigana na ndoo. Kufuli tatu za mbele zilikuwa zinang'aa mafuta, hakuna aliyezigusa. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa ndani vile vile. Gambuti mahali pake. Mama Ploti akaenda nyuma, akaingia kwa kuku, akatufungulia jikoni kutoka ndani. Televisheni hakuna. Mtungi wa gesi hakuna. Cherehani alichoshonea sare za shule za hawa watoto wawili, hakuna. Mifuniko yote ya sufuria ilikuwa imepangwa kando ya ukuta, taratibu, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Rozi akaanza kulia. Fredi akapiga ukuta ngumi. "Hawa watu! Hawa watu nitawatafuta!"

Nikatoka nje kwa Musa wa chapati. Nikamuuliza kama aliona mtu.

"Mtu gani, nyabo? Hakuna mtu alikuja."

"Musa. Wamebeba televisheni."

"Ah, hiyo? Si ni Fredi? Alikuja na yule Ouma Spana na mkokoteni. Amesema mama anapeleka vitu kwa fundi. Hata nimewashikia geti." Akaniangalia. Chapati ikaanza kuungua. "Nyabo, usiniambie."

Ouma Spana ni yule anayekaa karibu na stendi, anajiita fundi wa baiskeli na sijawahi kuona baiskeli. Nimemwandika.

Nikarudi ndani moto umenipanda. Mama Ploti alikuwa stoo peke yake, amechuchumaa mbele ya kale kamlango ka bati, anashika ule waya. Ulikuwa umezungushwa nyuma, vizuri, na kurudishwa.

"Mama," nikamwambia, "Musa ameona. Ni..."

"Nyamaza."

"Ni mtoto..."

"Mama Viatu. Walipitia wapi naona mwenyewe." Hakuwa analia. Aliyamaliza machozi yote Funyula. "Ukitaja, Rozi atajua. Rozi akijua, ataleta polisi ama atanibeba mimi. Yote mawili, nimetoka hapa. Na huyo mtoto ana dada mmoja tu duniani."

"Kwa hiyo unyamaze? Kama mzee wa mtaa wetu?"

Hilo lilimuuma, nikaona. Lakini alisimama, akajikung'uta leso, akaenda jikoni akaweka chai.

Tulikaa sebuleni. Rozi akasema ahadi ni ahadi, pikapu anaita kesho. Fredi akasema kwa uchungu mwingi kwamba yeye hataki mama ahamishwe, lakini afadhali mama mzima kuliko nyumba, na hii ploti ikibaki tupu itakuwa hasara, labda atafutiwe mtu wa kuinunua. Alisema vizuri. Mimi nilifungua mdomo. Mama Ploti akanijazia kikombe mpaka chai ikamwagika mapajani, ikabidi niruke.

"Mmesema ukweli, watoto wangu," akasema. "Mimi ni mzee. Siwezi kukaa peke yangu tena."

Rozi akamshika mkono.

"Kwa hiyo Fredi atahamia hapa."

Fredi akaweka kikombe chini.

"Mama," Fredi akasema, "mwanamume mzima kulala kwa nyumba ya mama yake? Watu watasema nini?"

"Nani amesema nyumba yangu? Huo ni mwiko, mimi sijasahau mila. Kile chumba cha geti kiko tupu tangu yule mlinzi wa zamani aende kwao. Ni kizuri, kina dirisha. Utakuwa unaona kila mtu anayeingia na kutoka. Umesema mwenyewe utawatafuta hao watu. Si utakuwa karibu?"

"Lakini kazi yangu..."

"Kazi gani?" Rozi akauliza, na aliuliza bila ubaya. Halafu akapiga makofi. "Fredi! Mbona hatukufikiria hivyo? Mimi nitakuwa nalala usingizi!"

Fredi aliangalia mama yake, na mama yake akamwangalia. Nadhani hapo ndipo Fredi alijua kwamba mama yake anajua. Akakunywa chai yake ikiwa moto hivyo hivyo.

Wiki iliyofuata aliingia chumba cha geti na godoro lake. Cherehani kilirudi baada ya siku chache. Fredi alisema amewabana wezi wakakitoa, Mama Ploti akamshukuru mbele ya wapangaji wote, akamwita simba. Mimi nilienda kutema mate nje. Mtu wa yadi alipata ploti nyingine kuelekea Amagoro. Ouma Spana alivuka mpaka, wakasema yuko Tororo, akitaka kurudi arudi, bata wapo.

Tulikosana kidogo, mimi na Mama Ploti, kwa sababu ya hilo la Fredi. Nilimwambia amemzawadia mwizi chumba. Aliniambia Barasa wangu mimi nilimtaja kwa kila mtu, na je, analala wapi? Nikasema analala kwake Chakol. "Na wewe?" Bado nasema kutaja ni kutaja. Ndio maana naandika: Ekisa. Barasa Mrefu. Ouma Spana. Fredi, mtoto wa Mama Ploti. Rozi akisoma, ajue ni mimi nimesema, si mama yake.

Baadaye nilihamia Busia, karibu na soko, biashara ya viatu ilikuwa nzuri zaidi huko. Mwaka huu nimepita Malaba nikaingia kumsalimia. Amepungua mwili. Ploti iko vile vile, wapangaji wapya, kicheko kile kile. Fredi alikuwa amevaa koti refu la ulinzi, alinifungulia geti na kuniita shangazi. Alikuwa amenenepa. Tukakaa jikoni sisi watatu, yeye ndiye akapika chai, alijua kila kitu kiko wapi, majani, maziwa, chujio. Mama Ploti alinisimulia habari za Rozi, na kwamba mara hii yeye mwenyewe alikubali kwenda Nakuru kutembea siku chache, lakini akakataa kulala zaidi, godoro lao ni laini mno, linammeza.

Fredi akamimina chai. Nikaonja, haikuwa na sukari.

"Ngoja," Mama Ploti akasema.

Aliinuka polepole, akaenda kwenye chumba chake cha kulala. Miaka yote niliyomjua, hapo palikuwa na pazia tu la maua. Sasa palikuwa na mlango wa chuma. Akatoa ufunguo kwenye leso, akafungua, akaingia, akatoka na kopo la sukari. Akatia kwangu. Akatia kwa Fredi, kijiko kimoja, kingine, akamkorogea mwenyewe kama mtoto anayeenda shule.

"Kunywa, baba, isipoe," akamwambia.

Halafu akarudisha kopo chumbani. Tulisikia ufunguo ukizunguka, mimi na Fredi, kila mtu akiangalia kikombe chake.